Jinsi ya kumtambua nondo mgongo-almasi na viwavi wake kwenye kabichi na sukuma wiki

Jani la kabichi likitoboka, wengi hukimbilia bomba la dawa kabla hawajajua aliyelitoboa. Watuhumiwa ni wengi: konokono, panzi, sota wanaotoka udongoni usiku, viwavi wa vipepeo weupe, na kiwavi mmoja mdogo wa kijani ambaye mzazi wake ni nondo asiyefikia hata sentimita moja. Mwongozo huu ni wa huyo wa mwisho, nondo mgongo-almasi, ambaye kwa jina la kisayansi ni Plutella xylostella. Yupo karibu kila pembe ya dunia panapolimwa mboga za jamii ya kabichi. Mwenyewe harukiruki mbali, ila upepo humbeba akavuka bahari.

Kumjua kwa uhakika kuna faida kubwa kuliko kwa wadudu wengine wa bustani, kwa sababu huyu anazoea sumu upesi mno. Mwaka 1953, kisiwani Java, iliripotiwa kwamba DDT, dawa ya wadudu, haimwui tena. Mwaka 1990 ikaripotiwa kutoka Hawaii kwamba shambani kabisa, si maabara, ameanza kuhimili dawa zinazotengenezwa kwa bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis), dawa ambazo watu walidhani mdudu hatazizoea. Kila unaponyunyiza bila kujua unayempiga, dhaifu wanakufa, sugu wanabaki kuzaana, na nyigu wadogo waliokuwa wakikusaidia kuua viwavi wanakwenda nao. Kwa hiyo tumtambue kwanza, hatua kwa hatua. Utahitaji lenzi ya mkono inayokuza mara 10, rula ndogo yenye milimita, na chupa mbili tatu za kioo zenye mdomo mpana. Simu yenye kamera nzuri inaweza kushika nafasi ya lenzi ukikosa.

Hatua ya kwanza: hakikisha mmea ni wa jamii yake

Nondo huyu ni mchaguzi. Anakula mimea ya jamii ya kabichi: kabichi yenyewe, sukuma wiki, koliflawa, brokoli, chainizi, figili, haradali, kanola, pamoja na magugu ya jamii hiyo yanayoota pembezoni mwa shamba. Magugu hayo usiyapuuze, maana ndiyo humhifadhi mboga zikishavunwa. Kama huna hakika gugu ni la jamii gani, subiri litoe maua. Ua la jamii hii lina petali nne zilizokaa mfano wa msalaba, na jani lake ukilitafuna kidogo mara nyingi lina ukali wa haradali.

Ukali huo unatokana na kemikali ziitwazo glukosinolati. Kwa wadudu wengi ni sumu, lakini nondo jike wa aina hii huzitumia kujua kwamba amefika mahali sahihi pa kutaga, na kiwavi wake ana kimeng'enya tumboni kinachozivunja makali kabla hazijamdhuru. Kwa hiyo, ukikuta kiwavi kidogo cha kijani kwenye nyanya au mahindi, fikiria mdudu mwingine. Kuna tukio moja la kando: huko Naivasha, Kenya, walipatikana nondo hawa wakiwa wamehamia kwenye njegere na kuzaliana humo. Lakini hilo ni jambo la nadra, na kwa kazi ya kawaida kanuni ya petali nne inatosha.

Hatua ya pili: soma jani kabla ya kumtafuta mdudu

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi zaidi, kwa sababu jani linasema mengi hata kama kiwavi amekwisha kuondoka.

Anza na majani ya katikati na ya nje, si yale yaliyofungamana moyoni. Lipindue jani uangalie upande wa chini, kisha uliinue uelekeze kwenye mwanga. Unachotafuta ni vidirisha: vipande vidogo vya jani ambapo nyama yote imeliwa kutoka chini, ukabaki utando mwembamba wa juu unaopitisha mwanga. Utando huo haujatoboka. Ukiusukuma kwa ncha ya kidole unapasuka mara moja. Kingo za kidirisha hazina umbo maalumu, na mara nyingi zinaishia kwenye mshipa wa jani, kwa kuwa kiwavi mdogo hawezi kuutafuna mshipa mnene. Baada ya siku chache utando unakauka, unageuka rangi ya majani makavu, unaanguka. Ndipo panapobaki tundu. Yaani tundu la mdudu huyu ni mwisho wa habari. Jani lenye vidirisha vibichi na matundu yaliyokauka kingo kwa pamoja linakuambia kwamba viwavi wapo sasa hivi na walikuwepo wiki iliyopita pia.

Linganisha na wengine. Konokono huacha matundu makubwa yasiyo na utando na njia ya ute unaong'aa. Panzi hula kuanzia ukingo wa jani. Sota hukata mche mzima chini kabisa, karibu na udongo. Hakuna kati yao anayeacha vidirisha.

Kuna dalili nyingine ndogo zaidi, na wengi hawaioni. Kiwavi anapotoka tu kwenye yai hajali upande wa juu wala wa chini. Anaingia ndani ya jani lenyewe na kula katikati ya ngozi zake mbili. Kwa lenzi utaona vijistari vifupi vyeupe, kila kimoja kikiwa kimeishia karibu na kilipoanzia. Wapo pia nzi wadogo ambao funza wao huchora mistari ndani ya jani, lakini mistari yao ni mirefu, inazungukazunguka na kupanuka kadiri funza anavyokua, kwa sababu yeye hukulia humo. Kiwavi wetu hukaa humo kwa umri wake wa kwanza tu, kisha hutoka na kuhamia chini ya jani.

Mwisho, tazama kinyesi. Ni chembe ndogo za kijani iliyokolea, zimetawanyika karibu na vidirisha. Zikiwa nyingi na zimefungamana na utando wa hariri kwenye moyo wa mche, huyo si mdudu wetu, tutamfikia.

Hatua ya tatu: mpate kiwavi, kisha mguse

Viwavi hupitia umri wa aina nne, wakijivua ngozi kila baada ya umri mmoja. Wa kwanza hafiki hata milimita mbili, hana rangi, kichwa chake cheusi. Kuanzia wa pili mwili unakuwa wa kijani. Wa nne, ambaye ndiye utakayemwona kirahisi, ana urefu wa milimita 11 hivi, na ndio upeo wake. Ukimkuta kiwavi wa kijani mwenye sentimita mbili au tatu, umemkuta mwingine, usijisumbue na vipimo zaidi.

Weka jani lenye kiwavi kiganjani, chukua lenzi, mwangalie taratibu. Mwili wake ni mpana katikati na umechongoka mbele na nyuma. Una vinywele vyeusi vifupi, vichache, vilivyoachana. Hana manyoya laini ya kumfunika. Chini yake ana jozi tatu za miguu ya kweli karibu na kichwa, na jozi tano za miguu minene ya tumbo. Jozi ya mwisho ndiyo ya kuzingatia: imechomoza nyuma ya mwili, ikaachana kama herufi V iliyopinduliwa. Ukimtazama kutoka juu utaiona bila shida.

Ukiwa na kiwavi wa umri wa nne na jua likiwa zuri, jaribu kuangalia mgongo wake kwenye pingili ya tano ya tumbo. Akiwa dume, utaona doa jeupe likionekana kupitia ngozi. Ndizo korodani zake. Halihitajiki katika kumtambua, lakini ukishaliona mara moja utaelewa jinsi ngozi yake ilivyo nyembamba.

Sasa mguse nyuma kwa ncha ya jani la nyasi. Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko rangi, kuliko ukubwa, kuliko picha. Kiwavi wa nondo mgongo-almasi akiguswa hujinyonganyonga kwa nguvu na kurudi kinyumenyume kwa kasi usiyotegemea kwa kiumbe kidogo vile. Akifika ukingoni anajiachia, anaanguka, na anabaki akining'inia kwenye uzi mwembamba wa hariri alioutoa mdomoni. Mwache atulie. Baada ya muda anaupanda uzi uleule na kurudi kwenye jani. Kiwavi wa kipepeo mweupe ukimgusa hana haraka yoyote, husogea polepole au hujikunja kidogo tu.

Angalizo moja: jaribu kwa viwavi kadhaa, si mmoja. Anayejiandaa kujivua ngozi, au aliyekwisha kushambuliwa na ugonjwa, anaweza kukaa kimya. Ukikuta kiwavi amekufa, amenata kwenye jani na kuzungukwa na ukungu mweupe, ameuawa na kuvu. Mwache hapohapo, maana kuvu hiyo itawapata na wenzake.

Hatua ya nne: tafuta wavu wake

Kiwavi akishiba hasafiri mbali. Hutafuta mahali penye kivuli, mara nyingi chini ya majani ya chini na ya nje, au kwenye mkunjo wa jani kando ya mshipa mkubwa. Kwenye koliflawa na brokoli hujipenyeza katikati ya vishada vya maua, na hapo ndipo mboga inapokataliwa sokoni hata kama majani ni mazima. Hufuma wavu wa hariri uliolegea, wenye matundu makubwa kiasi cha kumwona aliye ndani. Humo hugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo.

Wavu huu ni ushahidi mzuri sana. Pupa ina urefu wa milimita saba hadi tisa. Mwanzoni ni ya kijani au manjano hafifu, kisha hukolea kahawia. Ikikaribia kupasuka utaona kwa lenzi michoro ya mbawa kupitia ganda. Pupa ya kipepeo mweupe haina wavu kabisa: iko uchi, imefungwa kiunoni kwa uzi mmoja. Ukiona wavu uliolegea na pupa ndogo ndani yake chini ya jani la kabichi, na umekwisha kuviona vidirisha na mnyongonyongo, hakuna haja ya kusita tena.

Hatua ya tano: nondo mwenyewe

Nondo mzima ana ukubwa wa punje ya mchele, na mbawa zake zikitandazwa zina milimita 12 hadi 15 kutoka ncha hadi ncha. Mchana hujificha katikati ya majani. Ukiutikisa mmea kwa mkono ataruka kwa mapindi, chini chini, na kutua mmea wa pili au wa tatu. Jua likizama huanza kazi: kujamiiana, kutafuta nekta, kutaga. Ukitaka kuwaona wengi, nenda bustanini wakati wa magharibi.

Akiwa ametua, mtazame kutoka juu. Rangi yake ni kijivu kinachoelekea kahawia, na mgongoni, mbawa zinapokutana, kuna mkanda wa rangi ya krimu wenye ukingo wa mawimbi. Mawimbi ya bawa la kushoto na la kulia yakikutana yanachora maumbo matatu ya almasi, moja nyuma ya jingine. Kwa dume mkanda huu hung'aa zaidi. Kwa jike unaweza kuwa hafifu, na kwa nondo mzee aliyepukutika magamba unaweza usionekane. Kwa hiyo usimkatae nondo kwa sababu ya mgongo tu. Mwangalie kwa ubavuni pia: ncha za mbawa zake zimeinuka kidogo juu kwa nyuma, na vipapasio vyake vimenyooka mbele ya kichwa. Mkao huo haufutiki hata rangi zikiisha.

Ukipiga picha ya kumwonyesha afisa ugani au mtu anayewajua wadudu, piga tatu: juu, ubavuni, na moja yenye rula kando yake. Picha ya juu peke yake, bila kipimo, humwacha mtu akikisia.

Mitego ya feromoni, yaani yenye harufu ya nondo jike, huvuta madume wa aina hii. Inafaa kukuonyesha kwamba nondo wameingia shambani, lakini haikuambii kuna viwavi wangapi kwenye majani, na nondo wengine wadogo wanaweza kunaswa kwa bahati. Waliomo kwenye gundi wakague mkao na mkanda kwanza, ndipo uwahesabu.

Mayai

Mayai ni ya mwenye subira. Kila yai ni duaradufu, bapa kiasi, rangi ya manjano au kijani hafifu, urefu wake haufiki nusu milimita. Jike hutaga moja moja au machache pamoja, ndani ya vijibonde vya jani, hasa kando ya mishipa. Katika maisha yake anaweza kutaga zaidi ya 150. Yakikaribia kuanguliwa huwa meusi kidogo, na kwa lenzi nzuri utamwona kiwavi amejikunja ndani. Kwenye joto la nyuzi 25 hivi, safari yote kutoka yai hadi nondo huchukua kama wiki mbili au zaidi kidogo. Kwenye baridi hurefuka sana. Ndiyo sababu ukikagua mara moja kwa mwezi utakuta vizazi vimekupita. Kagua kila wiki, na wakati wa kiangazi usikose, kwa kuwa mvua kubwa huwaangusha na kuwazamisha viwavi wadogo, na kukiwa kikavu hakuna wa kuwapunguza hivyo.

Wanaofanana naye

Kiwavi wa kipepeo mweupe ni kijani kama makuti mabichi, ana vinywele vilivyosongamana vinavyomfanya aonekane laini, na hukua hadi sentimita tatu. Kiwavi wa plusia, nondo mwingine, ana jozi chache za miguu ya tumbo, hivyo anapotembea hukunja mgongo juu na kuukunjua. Mwendo huo peke yake unatosha. Kiwavi wa moyo wa kabichi, Hellula undalis, ndiye anayewachanganya wengi kwa sababu ukubwa wao unakaribiana. Huyo ana mistari ya kahawia-nyekundu iliyonyooka mwilini na kichwa cheusi hata akiwa mkubwa, na anaingia moyoni mwa mche, akifunga majani machanga kwa hariri na kinyesi. Mche aliouharibu moyo huchipua vichwa vidogo vingi badala ya kimoja. Tofauti hii ina maana kubwa: wa moyo wa kabichi anaua mche mchanga kwa kiwavi mmoja tu, wakati mche wenye afya unaweza kuvumilia vidirisha kadhaa.

Halafu kuna rafiki anayeuawa bure, na hili linaniuma kila ninapolikuta. Funza wa nzi wa maua naye ni mdogo, wa kijani, amechongoka, na anapatikana kwenye majani yaleyale. Lakini hana miguu, hana kichwa kinachoonekana, na utamkuta katikati ya vidukari akiwala mmoja baada ya mwingine. Geuza lenzi yako kwenye miguu. Isipokuwepo, mwache aendelee.

Hatua ya mwisho: hesabu, kisha fuga wachache

Pita shambani kwa njia ya mapindi, usikague mistari ya pembeni pekee. Chagua mimea 20, kila mmoja uandike idadi ya viwavi, ya pupa, na kama moyo ni mzima. Andika tarehe. Wiki ijayo rudia vilevile, ili uwe na namba mbili za kulinganisha.

Kisha chukua viwavi wakubwa na pupa kadhaa, uwaweke kwenye chupa pamoja na kipande cha jani bichi. Funika mdomo kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira, weka kivulini, badilisha jani likinyauka. Ndani ya siku chache utajua mambo mawili. Kwanza, nondo wakitoka, unathibitisha utambuzi wako kwa mkanda wa mgongoni, ukiwa mbichi na magamba yote yapo. Pili, utajua kama kuna nyigu wanaowashambulia. Baadhi ya viwavi hawatafika upupa: funza wa nyigu wa jenasi Cotesia atatoboa ngozi, atoke, na kufuma kifuko chake cheupe kilichofungamana kando ya kiwavi anayekufa. Wengine watafuma wavu kama kawaida, lakini ndani yake badala ya pupa iliyochongoka utakuta kifuko cha kahawia, butu pande zote mbili. Huyo ni nyigu wa jenasi Diadegma, amemmaliza mwenye nyumba akakaa ndani. Vifuko hivyo vya kahawia unaweza kuvitafuta hata shambani, ukishajua umbo lake.

Andika wangapi walitoka nondo na wangapi walitoka nyigu. Nyigu wakiwa wengi na mioyo ya mimea ikiwa mizima, waachilie bustanini, ahirisha dawa kwa wiki moja, uhesabu tena mimea 20. Nondo wakiwa wengi na nyigu hawapo kabisa, mpelekee afisa ugani daftari lako na chupa hiyo, na umwambie pia dawa ulizotumia msimu huu, ili akuchagulie ya kundi tofauti.